Kaunta ya graniti: jinsi ya kuitunza bila kuiua kwa usafi

Siku fundi anamaliza kufunga kaunta yangu alipiga kofi juu ya jiwe akaniambia "dada hapa umemaliza, hili litakuzika", na mimi nikaamini. Miezi mitatu baadae nikanyanyua dumu la mafuta ya alizeti lililokuwa linakaa pembeni ya jiko, chini yake kuna duara jeusi limechorwa kama mtu kapima na bikari. Nikafuta, halitoki. Nikasugua na stilwaya, halitoki. Nikamwaga jiki, halitoki, tena pale niliposugua pakafifia pakapoteza mng'ao kabisa, kwahiyo nikawa na matatizo mawili na moja nimelitengeneza kwa mkono wangu mwenyewe.

Kuanzia hapo ndo nikaanza kulisoma hili jiwe, na nilichokuja kugundua ni kwamba graniti nyingi ninazoziona zimechoka majumbani kwa watu hazijachoshwa na uchafu, zimechoshwa na usafi. Sisi tunapenda vitu vikali bwana, kitu kisiponukia dawa tunaona hakijasafishwa. Sasa ntaeleza mwanzo mpaka mwisho, kaa na kalamu.

Kwanza jua ulichonacho ni nini

Usianze kupaka dawa yoyote kabla hujajua, maana majina haya yamechanganywa sana madukani. Vile vigae vya sakafuni vinavyong'aa ambavyo wauzaji wanaviita granito SIO graniti, ni vigae vya kiwandani vya udongo uliochomwa kwa moto mkali, havihitaji chochote kati ya haya ninayoandika, piga deki maisha yaendelee. Alafu kuna zile kaunta za kwazi za kiwandani, hizo ni vipande vya jiwe vilivyogandishwa na gundi ya plastiki, utazijua kwa sababu maua yake yanafanana kila mahali, na hizo moto unaziunguza. Na kuna marumaru yenyewe, namaanisha jiwe la marumaru sio vigae ambavyo tumezoea kuviita marumaru. Hili ni laini na linaliwa na ndimu.

Kupima ni rahisi. Tafuta kona iliyojificha, labda nyuma ya kreti la soda au chini ya mikrowevu, dondosha tone moja la maji ya ndimu, subiri dakika tano ufute. Likitoa vipovu au likiacha alama imefubaa basi hilo ni marumaru au ndugu yake, usifuate mwongozo huu. Lisipofanya kitu, karibu.

Graniti yenyewe ni mwamba ulioganda chini kabisa ardhini kutoka kwenye uji wa moto, taratibu mno, ndo maana unaona punje punje: zile za kioo ni kwazi, za pinki au nyeupe ni felspa, na vile vinavyometameta kama magamba ni maika. Ukishawahi kufika Mwanza ukaona yale majiwe makubwa yamebebana, pamoja na lile Bismarck lililosimama ziwani, basi umeshaona graniti ikiwa haijapigwa msasa. Kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs ambacho almasi ni 10, kwazi ni 7, felspa ni 6, kisu cha kawaida cha chuma kiko kama 5 na nusu, marumaru ni 3 tu. Kwahiyo ukikatia kitunguu moja kwa moja juu ya kaunta kinachoisha ni kisu chako, jiwe halina habari. Bado nakwambia tumia kibao, visu ni ghali.

Tatizo la graniti sio ugumu basi. Tatizo ni kwamba kati ya hizo punje kuna vinafasi vidogo ambavyo jicho halivioni, na kitu cha majimaji kikikaa muda kinazama humo. Sio vingi, jiwe zuri linanyonya chini ya asilimia 0.4 ya uzito wake, ila hiyo hiyo ndogo inatosha kunywa mafuta ya alizeti ya mtu.

Pima kama jiwe lako linakunywa

Fanya asubuhi kaunta ikiwa kavu. Mwaga maji kidogo, kijiko cha chakula kimoja, sehemu tatu tofauti: karibu na jiko, karibu na sinki, na sehemu ambayo haitumiki sana. Weka simu dakika 15. Ukirudi futa uangalie chini ya maji. Rangi haijabadilika, jiwe limezibwa vizuri, acha kama lilivyo. Pamekuwa peusi kuliko pembeni, jiwe linakunywa na linahitaji sila, yaani ile dawa ya majimaji ya kuziba vinafasi. Pamekuwa peusi ndani ya dakika mbili tatu, usisubiri wiki ijayo.

Mawe meusi mengi hayanywi kabisa. Lile jeusi lenye vimulimuli vya dhahabu ambalo limejaa kwenye majiko ya mjini, Black Galaxy, linachimbwa Chimakurthy kule Andhra Pradesh India, na kwa wataalamu wa miamba hata sio graniti, ni mwamba mwingine mzito wa familia ya gabro, ila sokoni chochote kigumu kinachong'aa ni graniti. Hivyo hivyo lile jeusi la Mutoko Zimbabwe. Haya ukiyapaka sila haiingii, inabaki juu inaacha ukungu wa mistari na utasema jiwe limeharibika. Kwahiyo kipimo cha maji kwanza, alafu ndo dukani, hata kama fundi anasisitiza.

Na kwa walionunua jeusi tii la bei ya kutupa: chukua kitambaa cheupe, tia asitoni, sugua kona iliyojificha. Kitambaa kikitoka na weusi jua jiwe lilipakwa rangi ili lionekane jeusi, na hiyo rangi itaondoka pole pole kila ukifuta. Hapo hakuna dawa zaidi ya kurudi kwa aliyekuuzia, ukiwa na risiti.

Usafi wa kila siku

Hapa ndo penye uvivu mtamu. Maji ya uvuguvugu, sabuni ya maji ya vyombo matone mawili matatu kwenye bakuli zima, kitambaa laini. Futa, suuza na kitambaa kingine chenye maji matupu, kausha. Basi. Kipande cha khanga iliyochakaa kinafanya kazi nzuri kuliko taulo jipya kwa sababu hakiachi nyuzi, fulana ya pamba ya zamani pia.

Kosa ni sabuni nyingi. Sabuni isiposuuzwa inaganda inakuwa utando, siku ya pili unaona jiwe limefubaa unaongeza sabuni, utando unanenepa, baada ya mwezi unasema graniti imeisha mng'ao kumbe umeivalisha gauni la sabuni. Ukiwa umeshafika hapo changanya spiriti isiyo na rangi ya duka la dawa nusu kwa nusu na maji kwenye chupa ya kupulizia, pulizia, futa, rudia mara mbili, na zima jiko kwanza maana spiriti inashika moto. Mi huwa nafanya hivi Jumamosi tu hata bila tatizo, inang'aa na inakauka bila mistari.

Vitu ambavyo visiguse: dawa ya choo ya aina yoyote, asidi ya kusafishia vigae, siki, ndimu, jiki ya kila siku, sabuni ya unga ya kusugulia masufuria, stilwaya ya kawaida. Najua utasema si umeniambia nipime kwa ndimu na haikufanya kitu. Tone moja dakika tano ni kipimo, kila siku kwa mwaka mzima ni kitu kingine, asidi inamaliza sila na ile ya choo inaenda mbali zaidi, inachokoza chuma kilichomo kwenye punje za jiwe linaanza kutoa manjano ya kutu kutoka ndani. Na jiki usije ukachanganya na asidi au dawa yenye amonia hata siku moja, ule moshi sio wa kaunta tena, ni wa mapafu yako.

Kuna na hii ya kupaka mafuta ya nazi ili kaunta ing'ae, nimeikuta mpaka kwa mafundi wanaokabidhi kazi. Inang'aa kweli, siku mbili, alafu mafuta yanazama, vumbi linashika juu, na wewe umejitengenezea doa la ukubwa wa kaunta nzima. Kama una dada wa kazi mwelekeze kwa vitendo, sio kwa maneno, mwoneshe bakuli na matone mawili, na ile chupa ya choo ikae chooni.

Kupaka sila

Kama kipimo kimesema jiwe linakunywa, fanya hivi, ni kazi ya jioni moja mtu asipokuwa na haraka.

1. Nunua sila ya kuzama ndani, muulize muuzaji hivyo hivyo, sio ile ya kukaa juu kama vanishi. Ya juu inachubuka na kwenye chakula haifai.

2. Osha kaunta kwa maji na sabuni, suuza, futa kwa spiriti, alafu usiiguse masaa 24. Hapa ndo watu wengi wanapofeli. Jiwe likiwa na maji ndani sila inaingia wapi? Na madoa yatoe KABLA, maana ukiziba juu ya doa umelifungia ndani.

3. Fungua madirisha, vaa glavu, jaribu kwanza kona moja.

4. Mimina kidogo kidogo, tandaza kwa kitambaa, fanya eneo la kama mita moja kisha hamia jingine. Jiwe libaki limelowa kwa muda ulioandikwa kwenye kopo, kwa kawaida dakika 5 mpaka 15. Pale panapokauka haraka ongeza, pana kiu.

5. Kabla haijakauka futa yote iliyobaki juu, yote, kwa kitambaa kikavu, na badilisha kitambaa. Ikikukaukia juu itaacha ukungu unaonata, usipaniki, pakaza sila nyingine mbichi juu yake italainika, futa hapo hapo.

6. Rudia mara ya pili, kisha usiku mzima hakuna maji, hakuna sahani, hakuna mtoto wa mtu kuegemea.

Kesho yake rudia kipimo cha maji. Itadumu muda gani inategemea jiwe na sila yenyewe, kuna ya mwaka na kuna ya miaka kadhaa, we pima kila baada ya miezi sita na maji yatakujibu.

Madoa, kwa kila aina na dawa yake

Doa la mafuta ndo nalijua kwa uchungu. Siri ni kwamba huwezi kulisugua kwa sababu haliko juu, liko ndani, inabidi ulivute lirudi juu lilikopitia. Unatumia unga na kimiminika: kimiminika kinaingia kinayayeyusha mafuta, unga unapokauka unayanyonya kama chaki inavyonyonya wino.

Chukua bekingi soda, sio bekingi pauda ya keki na sio magadi ya kuivishia maharage, changanya na maji mpaka iwe nzito kama siagi ya karanga. Tandika juu ya doa unene wa nusu sentimita na upite ukingo wa doa kama vidole viwili kila upande. Funika na nailoni ya kufunikia chakula (mifuko ya rambo tulishaagana nayo 2019), bana pembeni na selotepu, toboa vitundu vitatu vinne kwa pini. Acha masaa 24. Kisha toa nailoni uache ikauke kabisa, mpaka ipasuke pasuke kama udongo wa mbugani kiangazi. Hii sehemu usikatishe, kukauka ndo kuvuta. Kwangua kwa kadi ya zamani ya benki, osha, kausha.

Mi siku ile nilipokwangua mara ya kwanza nilikuta unga umegeuka rangi ya maziwa yaliyotiwa chai, umeshika manjano pale chini ulipogusana na jiwe, nikaunusa unanuka mafuta ya zamani kabisa. Duara bado lilikuwepo lakini limekuwa la kijivu. Nikasubiri siku nzima jiwe likauke ndo nihukumu, kwa sababu jiwe bichi huwa linaonekana na doa hata kama halina. Mara ya pili badala ya maji nikatumia asitoni safi ya duka la rangi, hiyo inavuta zaidi ila mvuke wake unashika moto hata ukiwa mbali na jiko, kwahiyo nilizima jiko nikafunga mtungi wa gesi nikafungua mlango na watoto nikawatoa nje. Mara ya tatu duara likaisha. Siku zote hizo kwa ajili ya dumu la lita tano ambalo lilitakiwa tu kukaa kwenye sahani.

Pale nilipoharibu na stilwaya sikuweza mwenyewe, ilibidi fundi mwenye mashine na msasa wa almasi aje apige mng'ao upya, na alinilipisha kama anavyojua yeye.

Manjano ya pilau, chai, zambarau, juisi ya ukwaju: unga ule ule lakini kimiminika ni haidrojeni paroksaidi ya duka la dawa. Kwenye jiwe la rangi ya mwanga tu, jeusi litapauka. Manjano huwa yanafifia mara ya kwanza na kuisha ya pili.

Ukoko mweupe kuzunguka bomba ni wa chumvi ya maji, sisi tunaotumia visima vya chumvi hapa Dar tunaujua. Usiumwagie siki. Lainisha kwa kitambaa cha maji moto nusu saa, kisha kwangua na wembe mpya ukiulaza karibu ulale kabisa juu ya jiwe, ukiusimamisha utaacha mistari ya chuma. Baadae jenga tabia ya kukausha pale kila usiku, ni sekunde kumi.

Kutu, kwa mfano umeacha kopo la blubendi kwenye maji au jiko la chuma: jaribu unga, ukishindwa ita fundi. Dawa nyingi za kutoa kutu zina asidi ya haidrofloriki, hiyo inakula mpaka kwazi yenyewe, na ikigusa ngozi inapenya ndani mpaka kwenye mfupa. Soma kibandiko, ukiiona irudishe rafuni.

Moto, uzito na mchanga

Graniti inavumilia joto, ilizaliwa humo. Inachochukia ni joto la ghafla na baridi la ghafla mahali pamoja. Wapasua kokoto kule Kanda ya Ziwa wanalijua hili kuliko sisi, mwamba ulioshinda nyundo wanauwashia moto juu yake, sehemu iliyopata moto inavimba na iliyobaki haivimbi, jiwe linajipasua lenyewe. Sasa wewe unatoa sufuria la kukaangia linachemka unalitua pembeni ya sinki penye maji baridi, kila siku, sehemu ile ile. Unafanya kazi yao kidogo kidogo. Weka kata au kibao, hata gazeti lililokunjwa.

Na usipande juu ya kaunta kubadilisha balbu. Jiwe la unene wa sentimita 2 lina kama kilo 54 kwa kila mita ya mraba, linaonekana halitikisiki, lakini mbele na nyuma ya sinki kumebaki utepe mwembamba tu wa jiwe, ndo hapo hapo nyufa zinapoanzia. Hata kusukuma chapati kwa nguvu pale mbele ya sinki sipendi, sogea pembeni kwenye kabati imara.

Wenye graniti sakafuni au kwenye ngazi adui yenu ni mchanga. Mchanga wa pwani mwingi ni kwazi, ugumu 7, sawa na jiwe lenyewe, kila kiatu kinachoingia nao ni msasa. Zulia la mlangoni nje na ndani, fagio laini kavu kwanza kabla ya deki, ukianza na deki unausugua mchanga kwenye jiwe.

Likimeguka au kupasuka

Kipande kidogo kilichomeguka ukingoni usikitupe. Safisha kwa asitoni, bandika na gundi ya epoksi isiyo na rangi, bana na selotepu mpaka kesho. Kama kipande kimepotea, fundi anachanganya epoksi na unga wa jiwe la rangi hiyo hiyo anajaza. Ufa unaoshika ukucha ukipitisha kidole na unaoendelea kurefuka, huo sio wa gundi, kabati la chini limelala upande, ita fundi apige pima maji kabati kwanza ndo jiwe lifuate. Silikoni ya ukutani ikiwa nyeusi ya ukungu ikate uweke mpya, maji yakipita pale yanaozesha mbao chini na wewe juu unafuta tu.

Kitu kimoja kwa ambaye ndo kwanza anafunga: fundi akikata tundu la sinki kinatoka kipande kikubwa cha jiwe, mara nyingi anaondoka nacho kimya kimya anaenda kuuza au kumfungia mwingine kistuli. Ni chako, umekilipia, mwambie mapema kabla hajawasha mashine. Mi cha kwangu sikukipata, nilikuja kupewa kipande cha ukingo cha sentimita 40 na jirani tuliyenunua jiwe moja, na ndo ninachojaribia kila sabuni mpya, kila sila, kila ushauri wa kwenye simu, upande wa chini. Upande wa juu nasukumia chapati.